Hotirodi ya Buruburu: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka minne Jumamosi zetu zimeishia mahali pamoja: chini ya mabati kati ya nyumba yangu na ukuta wa jirani, Buruburu. Hapo watu watano tunaunda hotirodi kutoka kwa pikapu ya Chevrolet ya 1951. Lango likisahaulika wazi, mtu haachi kuingia na swali. Leo ni mtoto wa shule, kesho askari aliyetoka zamu, keshokutwa mzee aliyewahi kuendesha moja kama hiyo akiwa kijana huko Nakuru. Mimi hujibu nikiwa nimelala chini ya gari, kwa hiyo anayeuliza huzungumza na viatu vyangu. Haya sasa, nimeketi.

Hotirodi ni gari gani?

Ni gari kuukuu lililovuliwa kila kisichohitajika, likatiwa injini yenye nguvu kuliko ile liliyozaliwa nayo, na mara nyingi likashushwa karibu na ardhi. Mambo haya yalianzia kusini mwa California miaka ya 1920 na 1930. Vijana wasio na pesa walinunua Ford Model T na Model A zilizochoka, wakang'oa madigadi na boneti ili kupunguza uzito, wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Mwaka 1932 Ford ikatoa gari la bei nafuu lenye injini ya silinda nane, V8, ya nguvu za farasi 65, na hadi leo ukimwambia Mmarekani achore hotirodi, atachora hilo. Vilabu viliungana mwaka 1937 kuunda SCTA, mashindano ya ziwani yakapata utaratibu. Mashindano ya mita mia nne kwenye lami nayo yakapata chama chake, NHRA, mwaka 1951.

Mimi nikisoma habari hizo naona Kamukunji, kwa mafundi wa chuma wa hapa Nairobi. Kijana hana uwezo wa kununua anachokitaka, basi anachukua chuma alichonacho na kukigonga mpaka kikubali. Hotirodi ni jua kali ya Wamarekani, tofauti ni kwamba wao wana jina zuri zaidi.

Kwa hiyo mnalirudisha gari katika hali yake ya asili?

Hapana, na tafadhali usiwaambie hivyo wenye magari ya asili, watakasirika kwa niaba yetu. Wao huhangaika kutafuta skrubu ya mwaka ule ule. Kwenye Africa Concours d'Elegance, shindano la urembo wa magari pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, utaona gari limesuguliwa mpaka chini ya tumbo. Sisi huenda kutazama, tukavua kofia, tukarudi nyumbani kukata chetu kwa grainda.

Kwa nini Chevrolet na si Peugeot 404, ambayo kila mtu anaijua?

Kwanza, 404 ilishinda Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968. Ikate mbele ya wazee uone.

Sababu ya pili ni chesisi. Saluni nyingi za baada ya vita, kama Morris Minor, bodi yake ndiyo uti wa mgongo. Ukikata sakafu iliyooza bila kuifunga vizuri kwanza, milango haifungi tena. Pikapu ya Chevrolet ya miaka ile imekaa juu ya chesisi ya peke yake, reli mbili za chuma kama ngazi. Unaweza kuinua kebini yote ukaiweka pembeni, ukabaki na ngazi hiyo na nafasi ya kufikiri. Land Rover za zamani zina faida hiyo hiyo, ila bodi ni alumini, na fundi wa kuchomelea alumini vizuri hapatikani kila mtaa.

Tatu, hii ndiyo tuliyoipata.

Mliipata wapi?

Shambani karibu na Molo, ndani ya banda la ng'ombe, kuku wakiwa wamehamia kwenye kiti. Mwenyewe alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu. Hakutaka kuzungumzia bei siku ya kwanza. Tulikunywa chai tukarudi. Siku ya pili aliuliza kama tuna mpango wa kuiuza kama chuma chakavu. Siku ya tatu ndipo alipotoa kitabu cha gari kutoka kwenye mkebe wa biskuti.

Magari kama haya hayatangazwi. Yako Molo, Njoro, Kitale, Nyahururu, kila palipokuwa na mashamba makubwa. Uliza fundi mzee wa trekta wa mji huo, si wakala.

Karatasi zinahitajika zipi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo miradi mingi inapofia, na inafia kimya kimya.

Kabla hujalipa hata shilingi, linganisha namba ya chesisi iliyoko kwenye gari na iliyoko kwenye kitabu. Kwenye Chevrolet hizi kibati cha namba kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na mara nyingi kimepakwa rangi mara tatu. Kikwangue taratibu kwa ukucha na mafuta ya taa. Usitumie msasa. Ukifuta namba kwa bidii yako mwenyewe, utakuja kuieleza mbele ya watu wasio na subira.

Pili, angalia jina. Kama mwenye gari aliyeandikwa ni marehemu, gari ni sehemu ya mirathi, na watoto wake hawawezi kukuhamishia kwa maneno matamu. Lazima kuwe na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Tulipoteza gari moja zuri sana, Bedford, kwa sababu ndugu wanne hawakuwa wanasalimiana.

Tatu, mabadiliko. Ukibadilisha injini, rangi au aina ya bodi, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, lazima ijue, na kumbukumbu ya gari ibadilishwe. Gari litakaguliwa pia. Kwa sababu hiyo ukinunua injini iliyotumika kutoka Japani, dai risiti na karatasi za forodha zenye namba ya injini. Muuzaji akikwambia karatasi zitakuja wiki ijayo, nawe mwambie pesa zitakuja wiki ijayo.

Mwisho, bima ya mhusika wa tatu ni lazima kisheria hata kama unaendesha mpaka kituo cha mafuta tu. Zungumza na wakala wa bima mapema, na piga picha kila hatua ya kazi. Picha zetu za breki ndizo zilizomfanya wakala aache kucheka.

Kazi mlianzia wapi? Injini?

Kila mtu anataka kuanzia injini. Sisi pia tulitaka. Tulipiga kura, injini ikashindwa kura tatu kwa mbili, na nashukuru.

Tulianza na kutu. Ukingo wa chini wa kebini, pale pembeni nyuma ya milango, hujaa vumbi na maji, kisha chuma huoza kutoka ndani kuja nje. Kwa macho palionekana pazima, rangi ya kijani ikiwa bado inang'aa. Mwenzetu alibonyeza kwa kidole gumba na kidole kikapita hadi pingili ya pili. Ndani mlitoka mchanga mwekundu, manyoya ya kuku, na sarafu ya senti kumi yenye tundu katikati. Sarafu hiyo sasa imening'inizwa juu ya meza ya kazi.

Vipande vidogo, kama bawaba, mabano na makomeo ya milango, tuliviloweka kwenye molasi. Ndiyo, ile ya ng'ombe, ya duka la agroveti. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, ndani ya pipa la plastiki lenye kifuniko, wiki mbili au tatu. Inakula kutu na kuacha chuma. Usiweke alumini humo, itaharibika. Na usiliweke pipa karibu na dirisha la jikoni, hasa la jirani.

Baada ya kutu, breki. Gari la asili lilikuwa na breki za ngoma magurudumu yote manne, zikilishwa na mfumo mmoja wa mafuta: bomba moja likipasuka, huna breki hata gurudumu moja. Tuliweka masta silinda, yaani pampu ya breki, yenye vyumba viwili, mbele na nyuma kila upande kivyake, na diski mbele. Kuna jambo dogo lililotusumbua mwezi mzima. Masta silinda ya pikapu hii iko chini ya sakafu, chini kuliko breki zenyewe, kwa hiyo mafuta hurudi yenyewe ukiachia pedali, na kila asubuhi pedali inazama. Dawa yake ni vali ndogo ya kushikilia presha, pauni 2 kwa upande wa diski na pauni 10 kwa upande wa ngoma. Kitu kinachokaa kwenye kiganja, na sisi tulikuwa tumeshabadilisha kila kitu kingine.

Tahadhari moja: vumbi la breki za zamani huweza kuwa na asbesto. Usilipulize kwa kompresa. Lilowanishe, lifute, tupa kitambaa.

Ni kweli mmeweka injini ya Toyota? Hamuoni haya?

Ni kweli, na haya tulizimaliza mwaka wa kwanza.

Injini ya asili ilikuwa ya silinda sita, inchi za ujazo 216, yaani lita 3.5. Ni injini ya upole. Beringi za fimbo za pistoni zimemiminwa kwa babiti, chuma laini, na hupata oili kwa vijiko vidogo vinavyochota na kurusha. Kwa kubeba maziwa hadi kiwandani inatosha kabisa. Ukiikimbiza Thika Road saa nzima, itakuonyesha kwamba haikuumbwa kwa hilo. Marekani wengi waliibadilisha kwa ile ya inchi 235 iliyofuata, ambayo katika matoleo ya baadaye husukuma oili kwa presha. Hapa kwetu 235 ni ya kuagiza, na ikiharibika unaagiza tena.

Tuliweka 1JZ ya Toyota, lita 2.5, ile iliyokuwa kwenye Mark II na Crown. Nayo ni silinda sita kwa mstari mmoja, kwa hiyo imelala chini ya boneti ndefu kama mwenyeji. Spea zake ziko Kirinyaga Road, na vijana wa kuipima kwa kompyuta wako kila kona. Wamarekani wenyewe walitia injini za Chevrolet kwenye Ford kwa miongo mingi bila kuomba radhi kwa mtu.

Kumbuka tu kwamba kubadilisha injini kunavuta mambo mengine. Kwenye pikapu hii propela shafti, fimbo inayopeleka nguvu nyuma, imefungwa ndani ya bomba linaloungana na difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo ukitoa giaboksi ya zamani, ekseli ya nyuma nayo inatoka. Tukaweka ya Hilux. Hapo tulipata zawadi tusiyoitarajia: Chevrolet ya nusu tani ina bolti sita kwenye duara la inchi 5.5, na Hilux ina bolti sita kwenye milimita 139.7. Piga hesabu, ni kitu kile kile. Pima tu tundu la katikati la rimu, kwani bolti zinaweza kukubali na tundu likakataa.

Umeme pia ulihama, kutoka volti 6 hadi 12. Balbu zote, honi na geji ya mafuta zinabadilishwa au zinapunguziwa volti.

Mlikosea wapi zaidi?

Pembe ya difu. Vishikio vya ekseli tulipeleka vichomelewe nje, kwa fundi aliyesifiwa na kila mtu, nasi hatukusimama pale. Gari lilipotembea mara ya kwanza, likifika kilomita 60 kwa saa kioo cha pembeni kilitetemeka mpaka lori lililokuwa nyuma likawa malori mawili. Tulisawazisha magurudumu. Tukasawazisha propela. Wiki tano baadaye mmoja wetu aliweka kipima pembe cha simu juu ya giaboksi, kisha juu ya difu, akanyamaza. Zilipishana digrii sita. Giaboksi na difu lazima zielekee sambamba, la sivyo viungo vya propela vinapigana kila mzunguko. Vishikio vikakatwa, vikachomelewa upya, safari hii watu watano tukiwa tumemzunguka fundi kama wajomba kwenye posa.

Kwa nini magari ya zamani huchemka sana Nairobi?

Kwa sababu ya mwinuko, pamoja na foleni. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji hapa huchemka kwenye takriban nyuzi 94, si 100. Rejeta isiyo na presha inakosa hizo nyuzi sita tangu mwanzo. Kifuniko kizuri cha presha ndicho kinachookoa: kila pauni moja ya presha hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi moja na nusu hivi. Kifuniko cha pauni 13 kina thamani kuliko feni ya mbwembwe, alimradi rejeta yenyewe iwe na uwezo wa kustahimili.

Mwinuko huo huo hunyang'anya injini isiyo na turbo karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake, hewa ikiwa nyepesi. Na kama umebaki na kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari, itameza petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Badilisha jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, kwa ndogo kabla hujamlaumu muuza mafuta.

Petroli ya leo inafaa injini ya zamani?

Inafaa kwa mwendo wa kawaida. Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na injini zilizoitegemea risasi kulinda viti vya vali huchakaa zikikimbizwa sana. Ukifungua silinda hedi, weka viti vigumu, basi.

Inawezekana kweli kwenye nyumba ya kawaida? Majirani je?

Pikapu ina urefu wa karibu mita tano, nasi tuna mita sita na nusu. Kebini ikiinuliwa hutundikwa kwa mnyororo, boksi la nyuma husimama wima ukutani, na gari la mke wangu hulala nje, jambo ambalo limeandikwa mahali fulani moyoni mwake.

Mashine ya kuchomelea hula tokeni za umeme kama mtoto anayekua, kwa hiyo ina mita yake ndogo na tunachanga kulingana na inavyosoma. Kelele za grainda zinakoma saa kumi na moja jioni. Kanuni za kelele za 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira, huhesabu usiku kuanzia saa mbili, lakini mama jirani huhesabu kuanzia pale mjukuu wake anapolala, na yeye ndiye anayeishi karibu nasi. Tulimchomelea lango bure mwaka wa kwanza. Tangu hapo, akiletewa malalamiko na watu wa mtaa, huyajibu mwenyewe.

Marafiki watano, pesa na chuma. Hamjakosana?

Tumekosana mara mbili. Mara moja kwa sababu ya rangi, mara moja kwa sababu ya mtu aliyeazima jeki na kuirudisha ikivuja.

Tuliendesha jambo hili kama chama tangu mwanzo. Kila mmoja hutuma elfu tano kila tarehe tano, mweka hazina ni yule anayefanya kazi benki, na hakuna anayenunua spea kwa pesa zake akitegemea kurudishiwa. Gari liko kwa jina la mtu mmoja, na makubaliano kati yetu yameandikwa na kutiwa sahihi: anayetoka analipwa alichochanga, bila faida, kwa miezi kumi na miwili. Mmoja alihamia Dubai, akalipwa hivyo. Bado hutupigia simu ya video Jumamosi kutukosoa.

Sheria iliyotusaidia kuliko zote ni ndogo: hakuna anayeondoka kabla spana zote hazijarudi kwenye ubao. Nyuma ya kila spana tumechora umbo lake kwa rangi nyeupe. Namba kumi na tatu ikikosekana, tunakaa.

Hatari kubwa ni ipi?

Jiwe. Namaanisha tofali la ukuta watu wanaloweka chini ya gari badala ya stendi. Mwezi wa tatu tulikuwa tumeinua upande wa kushoto kwa jeki na kuweka matofali mawili. Hakuna aliyekuwa chini, kwa bahati chai ilikuwa imeletwa. Tulisikia mlio kama wa sahani kuvunjika, tofali likawa kokoto, na chesisi ikatua mahali ambapo dakika mbili kabla palikuwa na kifua cha mtu. Chai ile haikunyweka. Jumatatu tulinunua stendi nne za chuma.

La pili ni tangi la petroli. Usilichomelee hata kama limekaa tupu miaka ishirini. Mvuke hubaki kwenye mikunjo na hulipuka. Tuliweka jipya. Mtungi wa kuzimia moto uko mlangoni, si nyuma ambako moto utakuwa kati yako na mtungi.

Imegharimu kiasi gani?

Chini ya gari jipya, juu ya tulivyowaambia wake zetu.

Kwa nini hamjapaka rangi?

Huo ndio ugomvi wa kwanza niliotaja. Wawili wanataka nyeusi, wawili wanataka ibaki na kijani chake kilichofifia, pamoja na maandishi ya shamba mlangoni ambayo bado yanasomeka ukimwagia maji. Kura ya tano ni yangu, na nimeikalia.

Naweza kuja kusaidia?

Karibu, Jumamosi baada ya saa tatu. Vaa viatu vilivyofunika vidole, malapa hayaingii. Usije na mtu wa kununua gari. Grainda utaisubiri, mgeni huanza na brashi ya waya na mlango wa kushoto, upande wa ndani, ambao hakuna anayeutaka. Ukileta mandazi, mlango wa kulia.